Chunguni Mmetia Nini?
Safari ya Nyabiyonza na mtoto asiyekula karanga

Wazee wetu walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maneno hayo hutajwa kila hodi inapobishwa, na mwenye nyumba akakimbilia jikoni kutazama kilichopo. Lakini wazee hawakutuachia neno la kumfaa mgeni ambaye mwili wake unakikataa kile kilichomo chunguni. Mgeni ambaye hana budi asile kitakachomdhuru, na papo hapo asimvunjie heshima aliyemkaribisha. Neno hilo nimelazimika kulitafuta mwenyewe, barabarani, mtoto wa miaka tisa akiwa ameniegemea begani, katika safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Nyabiyonza, wilayani Karagwe, nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Mtoto wangu wa pili hali karanga. Sisemi kwamba hapendi karanga, maana neno hilo "hapendi" ndilo lililotuponza mara nyingi. Anazikataa kwa kuwa mwili wake unazikataa. Tuligundua hayo alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, siku alipoonjeshwa uji wa lishe kwa jirani. Unga wa uji huo, kama wazazi wengi wajuavyo, aghalabu huchanganywa mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga. Kabla kikombe hakijafika nusu, midomo yake ilikuwa imevimba, macho yamefumba, na kifua kinapiga mluzi. Jirani yetu, mama mwema ambaye hakuwa na kosa lolote, alilia kuliko mimi.

Yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna mzio, na kuna tumbo kutopatana na chakula. Katika mzio, kinga ya mwili hukiona chakula kana kwamba ni adui aliyevamia, ikafungua vita ambavyo majeruhi wake ni mwenye mwili mwenyewe: ngozi hututumka, midomo na ulimi huvimba, mtu hutapika, pumzi hubana, na shinikizo la damu huweza kushuka ghafla. Hayo hutokea mara nyingi katika dakika chache tu baada ya kula, na kwa nadra hupita saa mbili. Chembe ndogo yaweza kutosha. Kutopatana na chakula ni jambo jingine. Hapo kinga ya mwili haihusiki. Ni utumbo tu unaoshindwa kukimeng'enya kitu fulani, kama vile sukari iliyomo katika maziwa. Mtu huteseka, tumbo likajaa na kuunguruma, lakini maisha yake hayako hatarini, na mara nyingi akipunguza kiasi huweza kula bila taabu. Wa pili ana kiasi chake. Wa kwanza hana kiasi.

Nyumbani mambo hayo si mazito. Sufuria ni zako, mwiko ni wako, unajua ni nani aliyenunua unga na aliununua wapi. Taabu huanza siku unapofunga mizigo.

SWALI DOGO

Tuliondoka Dar es Salaam katika likizo ya Desemba, kwa basi, kama wasafiri wengi waendao Kagera. Ni safari ya siku mbili: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, kisha Biharamulo na Muleba hadi Bukoba. Siku ya kwanza haikunitia hofu. Nilikuwa nimefunga ndizi mbivu, machungwa, mayai ya kuchemsha yakiwa bado na maganda, na viazi vitamu vilivyochemshwa alfajiri hiyo. Chakula chenye ganda lake ni rafiki wa msafiri, kwa kuwa hakuna mkono uliokigusa ndani. Hata hivyo joto la ndani ya basi halina huruma, na chakula kilichopikwa hakifai kushindishwa humo. Kufikia jioni viazi vilikuwa vimekwisha, na vile vichache vilivyobaki nilivitupa.

Siku ya pili, mchana, basi lilisimama katika mji mmoja mdogo wa njiani. Kila asafiriye kwa mabasi anaijua hali ile. Kondakta hutangaza dakika kumi na tano za kula na kuchimba dawa, watu hamsini hushuka kwa pamoja, na mama ntilie mwenye mikono miwili hutakiwa awahudumie wote. Mwanangu alikuwa na njaa. Nilimchagulia wali, kipande cha nyama na mchicha. Nikamwuliza msichana aliyekuwa akipakua, "Mdogo wangu, humu hamna karanga?" Akajibu kwa adabu, "Hamna, mama." Nikatazama mchicha, nikauona ni wa kijani kibichi, umekaangwa kwa vitunguu na nyanya, hauna ule weupe wa karanga za kutwanga. Nikaridhika.

Baada ya tonge la tatu mtoto aliweka kijiko chini, akasema ulimi unamwasha. Nilimtazama, nikaona mdomo wa juu umeanza kuvimba. Kisha akakohoa kile kikohozi kikavu ninachokijua, na sauti yake ikabadilika ikawa ya mtu aliyekabwa. Nilikuwa na vidonge vya mzio mkobani, nikampa, huku nikijua kwamba vidonge hivyo hutuliza mwasho na vipele lakini havifungui koo lililoziba. Abiria mmoja, mzee ambaye hatukuwa tumesemezana tangu Singida, alimbeba mtoto mikononi akauliza zahanati iko wapi. Tulikimbia.

Tabibu wa zahanati ile alikuwa kijana. Hakuuliza mengi. Alimtazama mtoto, akasikiliza kifua, akamlaza, na kabla sijamaliza sentensi yangu ya pili alikuwa amekwisha kumdunga sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Adrenalini ndiyo dawa ya kwanza ya mzio mkali, nayo hutakiwa iwepo popote watoto wanapochanjwa. Ndiyo maana hata zahanati ndogo ya kando ya barabara ilikuwa nayo. Dakika tano zilipita. Ilibidi adungwe ya pili. Ndipo mluzi wa kifua ukaanza kupungua, na mtoto akaniuliza kama basi limetuacha.

Basi lilikuwa limetusubiri dakika arobaini, nalo likaondoka baada ya dereva kuja mwenyewe hadi mlangoni kutazama. Tulilala pale zahanati, kwa kuwa tabibu alitueleza kwamba dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye hata pale mgonjwa anapoonekana amepona. Mizigo yetu ilikuwa imeshushwa na kuwekwa kwa mama ntilie. Jioni alikuja nayo, pamoja na yule msichana.

Nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Hayakunitoka. Mama yule aliapa kwamba hakutia karanga katika mchicha, nami nilimwamini, kwa kuwa alikuwa akisema kweli. Tulikaa kwenye benchi tukayapitia mambo yote tangu asubuhi, moja baada ya jingine, hadi tukafika kwenye kinu. Siku iliyotangulia alikuwa ametwangia karanga za kisamvu katika kinu cha mti. Asubuhi ile, katika kinu hicho hicho, akatwangia kitunguu saumu cha mchicha. Kinu kilikuwa kimefutwa, lakini mti una vinyweleo na nyufa, na unga wa karanga pamoja na mafuta yake huingia humo usitoke. Hapakuwa na mtu aliyenidanganya. Niliuliza kama mna karanga, nikajibiwa kwa haki kwamba hamna. Swali langu ndilo lililokuwa dogo.

Tangu siku hiyo siulizi tena, "Humu hamna kitu fulani?" Swali la namna hiyo limekwisha kubeba jibu lake; mpishi mwenye haraka na mwenye adabu atakupa jibu unaloonekana kulitaka. Nauliza, "Mwenzangu, chunguni mmetia nini?" halafu nanyamaza nihesabiwe. Mtu anapohesabu vitunguu, nyanya, mafuta, chumvi, mara hukumbuka na kile ambacho asingekitaja. Kisha nauliza mmetwangia wapi, na mafuta haya yamekaanga nini kabla ya hapa. Wala siulizi kwa anayepakua. Naomba ruhusa niingie jikoni kwa anayepika. Mama ntilie wengi hawachukizwi na hilo ukianza kwa salamu na kueleza shida yako, badala ya kuanza kwa kukagua masufuria kama bwana afya.

Nimejifunza pia kuchagua chakula chenye vitu vichache. Ndizi ya kuchoma, yai la kuchemsha, samaki wa kuchoma kwa chumvi, chai ya rangi: ndani ya hivyo hapana pa kujificha. Mchuzi mzito, mboga zilizoungwa na chochote chenye jina la "spesheli" naviacha, hata vikinukia vipi. Chipsi zina mtego wake, kwani yapo majiko ambako mafuta yale yale hukaangia maandazi, samaki na hata karanga zenyewe. Na kama foleni ni ndefu kiasi kwamba mpishi hana nafasi ya kujibu, basi hapo si mahali petu pa kula.

Katika nchi za Ulaya jambo hili limetungiwa sheria. Tangu Desemba 2014 kila hoteli na duka la vyakula katika Umoja wa Ulaya hutakiwa limjulishe mteja iwapo chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyoleta mzio, karanga zikiwamo. Hata hivyo sheria ilikuwa na matundu yake. Mwaka 2016 msichana wa Kiingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alikula mkate uliojazwa viungo alioununua kiwanja cha ndege cha Heathrow. Ndani ya donge la unga mlikuwa na ufuta, karatasi ya mkate haikutaja, naye alifariki dunia siku hiyo hiyo baada ya safari ya ndege kwenda Ufaransa. Wazazi wake walipigania sheria mpya, ikaanza kutumika Uingereza mwezi Oktoba 2021, inayotaka chakula kilichofungwa dukani humo humo kiandikwe kila kilichomo. Mama ntilie wetu hafungi chakula kwa karatasi. Karatasi yake ni kinywa chake, na msafiri hana budi kujua namna ya kuisoma.

KINU KIMELALA

Tulifika Bukoba kwa basi jingine, tukalala, kesho yake tukashika njia ya Kyaka. Pale barabara ya kwenda Mutukula inaachana na ile ya Karagwe, na gari likaanza kupanda na kushuka vilima vyenye migomba na kahawa. Kutoka Omurushaka tuliendelea hadi Nyabiyonza. Mtoto alikuwa amechangamka, anahesabu ng'ombe wenye pembe ndefu. Mimi nilikuwa nikihesabu majiko. Tulikuwa tunakwenda kukaa wiki tatu kwa watu wanaotupenda, na mahali unapopendwa ndipo ilipo vigumu zaidi kukataa sahani.

Mama mkwe alitupokea uani kwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi ya huko: punje zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni hupewa mkononi kabla ya neno lolote la maana kusemwa. Nyuma yake, mlangoni pa jiko, kilikuwapo kinu. Wifi yangu alikuwa akitwanga karanga za kuungia maharage, kwa furaha ya kutuona.

Katika miaka ya nyuma tulikuwa tukipita pita tu kwa siku mbili tatu, nami nilikuwa nikimlisha mtoto kwa siri chumbani na kusema hana hamu ya kula. Safari hii sikuweza. Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe, nikamweleza yote tangu uji wa lishe hadi zahanati ya njiani. Sikusema "mtoto wangu hapendi karanga." Nilisema, "Mama, mjukuu wako ana ugonjwa. Karanga ni sumu kwake, hata zile zilizobaki kwenye kinu." Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mjukuu, akamtazama shingo na midomo kana kwamba alama bado zipo.

Wifi alijitolea kukiosha kinu kwa maji ya moto na majivu. Mama mkwe alitikisa kichwa. Alikishika mwenyewe, akakiburura hadi pembeni mwa nyumba, akakilaza ubavu, na mchi akauweka juu yake. "Kitalala hapo mpaka mgeni wangu aondoke," akasema. Karanga zilizokuwa zimekwisha kutwangwa zilipelekwa kwa jirani. Kuanzia hapo kitunguu saumu kilikatwa kwa kisu, na maharage yakapikwa na ndizi bila kuungwa.

Sikujua siku ile kwamba alikuwa amefanya zaidi ya kuondoa hatari. Katika ua wa kijijini kinu kilicholala ni jambo la kuulizwa. Kila mama aliyekuja kutusalimu alikiona, akauliza kulikoni, naye akaelezwa. Baada ya siku nne sikuwa na haja ya kumweleza mtu, watoto wa jirani wenyewe walikuwa wakimkimbia mwanangu wakiwa na karanga mkononi, wakipiga kelele, "Usisogee!" Yeye naye nilikuwa nimemfundisha sentensi moja ya kusema popote atakapokaribishwa: "Ahsante, naumwa karanga." Wifi akatuandikia karatasi kwa Kinyambo na kwa Kiswahili, inayosema kwamba mtoto huyu akila karanga koo litaziba na anaweza kufa, na kwamba tunaomba mpishi atuambie alichotia na alichotwangia. Karatasi hiyo tunayo hadi leo, imelainika kwenye mikunjo.

Si wote walioafiki. Baba mkubwa wa watoto, aliyekuja kutoka Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, alitucheka waziwazi. Enzi zao, alisema, magonjwa ya namna hiyo hayakuwapo. Huku ni kumdekeza mtoto wa mjini, na dawa yake ni kumzoeza kidogo kidogo bila yeye kujua. Nilipoteza usingizi kwa maneno hayo kuliko kwa jambo jingine lolote. Maana ndani yake mna chembe ya ukweli, na ukweli wa chembe ndio hatari. Utafiti uliofanywa London kwa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wale waliolishwa vyakula vya karanga tangu uchanga walipata mzio wa karanga kwa uchache mno kuliko wale waliozuiwa. Wapo pia watoto wenye mzio wanaozoezwa hospitalini, kwa vipimo vidogo kuliko punje, daktari akiwa kando na sindano tayari. Lakini mtoto ambaye mzio umekwisha kumwingia, kumtilia karanga kwa siri katika chakula si kumzoeza. Ni kumtega.

Siku ya sikukuu baba mkubwa alisogeza sahani yake karibu na ya mtoto. Huenda hakuwa na nia yoyote. Mama mkwe, ambaye kwa desturi hasemi wanaume wanapokula, alisimama, akamchukua mjukuu kwa mkono akamkalisha ubavuni pake, na kumwambia mwanawe mkubwa maneno mafupi kwa Kinyambo ambayo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Jambo hilo halikuzungumzwa tena.

MAZIWA NA SENENE

Baada ya kusema kwa ajili ya mtoto, ilinibidi niseme na kwa ajili yangu. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa, kila nilipofika Nyabiyonza nililetewa maziwa mabichi, kikombe kimejaa hadi ukingoni, nami nililetewa kwa heshima. Niliyanywa kwa heshima. Kisha usiku kucha tumbo liliunguruma na kujaa, na nikawa mtu wa kwenda uani gizani kwa taa ya mkono. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu maziwa ni ya kutia kwenye chai. Jioni moja kikombe kilipoletwa nikasema, "Mama, nisamehe. Maziwa mabichi yananitesa." Alinyamaza kidogo, akaniuliza tangu lini. Nilipomjibu, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Miaka yote hiyo, mkwe wangu, nami nilikuwa nikikuongezea kwa kuona unayapenda!"

Karagwe ni nchi ya maziwa tangu zamani. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Grant walifika huko kwa Omukama Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 Speke alieleza jinsi wanawake wa nyumba ya kifalme walivyonyweshwa maziwa mfululizo hadi wakanenepa wasiweze kusimama wenyewe, kwa kuwa unene ndio uliohesabiwa kuwa uzuri. Niliposoma habari hiyo sikuwafikiria wale walionenepa. Nilimfikiria binti mmoja, kama alikuwapo, ambaye tumbo lake liliyakataa, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Sayansi imelieleza jambo hili, na sehemu yake iligunduliwa hapa hapa jirani. Madaktari G. C. Cook na S. K. Kajubi waliwapima watu wa makabila mbalimbali nchini Uganda, wakachapisha matokeo yao mwaka 1966. Waliona kwamba wengi wa Baganda, watu wa migomba, walikosa kimeng'enya cha kuisaga sukari ya maziwa iitwayo laktosi, ilhali wengi wa Wahima na Watutsi, watu wa ng'ombe, walikuwa nacho ukubwani. Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwamo wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki waliupata uwezo huo kwa mabadiliko ya urithi yaliyo yao wenyewe, tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Duniani takriban theluthi mbili ya watu wazima wako upande wangu mimi. Kwa hiyo anayeharishwa na maziwa mabichi si mgonjwa wala si mwenye madaha. Ni mjukuu wa watu wasiofuga ng'ombe wa maziwa.

Habari njema ni kwamba hana haja ya kuyakimbia yote. Maziwa yakiganda, vijidudu vya mgando hula sehemu ya ile laktosi, na samli karibu haina kabisa. Wengi huweza pia kunywa kikombe kimoja, yaani robo lita, wakinywa pamoja na chakula. (Maziwa mabichi, kwa yeyote yule, yachemshwe kwanza.) Mama mkwe alianza kunipa mgando pamoja na ndizi, nami nikalala usingizi kama wengine.

Asiyepatana na ngano, namwonea wivu akisafiri huku. Ndizi, maharage, viazi, ulezi na mtama havina gluteni, wala lubisi inayochachushwa kwa mtama haimdhuru kwa njia hiyo; ajihadhari na chapati, maandazi na bia za chupa zinazopikwa kwa shayiri.

Senene ni shauri zito zaidi. Desemba ni msimu wao, na Kagera nzima huwala kwa shangwe, wamenyonyolewa mbawa na miguu, wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Dada yangu wa Tanga, ambaye hututumka mwili akila kamba wa pwani, alikuwa ameniagiza mfuko mmoja. Sikumpelekea. Senene na kamba, ijapokuwa mmoja huruka na mwingine huogelea, wana protini moja inayofanana mno katika misuli yao, iitwayo tropomayosini, na mwili uliokwisha kumkataa mmoja huweza kumkataa mwingine tangu tonge la kwanza. Kukaanga hakuiharibu protini hiyo. Mwanangu yeye aliwala hadi nikamzuia, baada ya kuuliza, bila shaka, kikaango kilikaanga nini jana yake.

Siku ya kuondoka tuliamka kabla ya jogoo. Mama mkwe alikuwa ametangulia jikoni. Alitufungia ndizi za kuchemsha katika majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, tukala sehemu kubwa kabla ya Biharamulo, na mayai ya kuchemsha kwa ajili ya siku ya pili. Katika mji ule mdogo basi letu lilisimama tena. Yule mama ntilie alituona, akaja dirishani akimfuta mkono kwa khanga, akamshika mtoto kidole. Alisema sasa ana vinu viwili.

Siku tatu baada ya kufika Dar es Salaam simu ililia alfajiri. Alikuwa mama mkwe. Hakusalimia kwa kirefu kama desturi yake. Aliuliza kama mjukuu yu salama, akataka aisikie sauti yake mwenyewe, akaisikia. Kisha akaniambia kwamba anakwenda kukiinua kinu, kwa kuwa maharage ya wiki tatu bila karanga yamemchosha, na kwamba tumwarifu mapema siku tutakayokuja tena, apate kukilaza.